Kofia ya kazi ni pareshoki ya kichwa

Ndugu mfanyakazi, motokari ikigonga ukuta polepole, pareshoki inabonyea na kumeza nguvu ya pigo. Kofia yako ya kazi inafanya vile vile. Kati ya ganda lake na kichwa kuna mikanda na nafasi ya sentimita 3 hivi. Jiwe likianguka, mikanda inavutika, pigo linatawanyika.

Basi usifiche sigara katika nafasi ile: pigo litafika moja kwa moja kwenye mfupa. Kofia iliyopigwa sana, hata bila ufa, uirudishe magazini, upewe nyingine.

Na wewe mama, uioshe kwa maji na sabuni. Esanse inadhoofisha plastiki.

Kofia inanunuliwa, kichwa hakinunuliwi.