Waya Nyembamba Hula Stima ya Mkulima

Wakulima wengi wa ng'ombe wa maziwa sasa wana stima shambani. Wengine huchemshia maji ya kuosha mikebe ya maziwa, na wengine hukatia majani ya napia kwa mashine. Lakini mara nyingi mita iko nyumbani na banda la ng'ombe liko mbali, pengine mita 60. Basi mkulima hununua waya iliyo rahisi dukani, huitandaza mpaka bandani, na taa ikiwaka hufurahi. Baadaye hulalamika kwamba maji hayapati moto upesi, au mota imeungua kabla ya mwaka kwisha. Fundi hulaumiwa, mwenye duka hulaumiwa, hata kampuni ya stima. Hesabu fupi itaonyesha mwizi ni nani.

Fikiri juu ya tangi la maji lililo kilimani. Maji husukumwa kwa sababu tangi liko juu. Msukumo wa stima hupimwa kwa volti. Maji yanayopita katika bomba ni mengi au machache. Wingi wa stima inayopita hupimwa kwa ampea. Tena bomba jembamba na refu huzuia maji kuliko bomba nene na fupi. Kuzuia huko, katika stima, huitwa ukinzani, nao hupimwa kwa omu. Jina hilo ni la Georg Simon Ohm, aliyekuwa mwalimu wa hesabu na fizikia mjini Cologne, Ujerumani. Yeye alitangaza kanuni yake katika kitabu mwaka 1827, nayo ni hii: ukigawanya volti kwa ampea, utapata omu. Na ukizidisha volti kwa ampea utapata wati, yaani nguvu inayotumika.

Sasa twende bandani. Birika kubwa la maji limeandikwa wati 3,000 kwa volti 240. Gawanya 3,000 kwa 240: linataka ampea 12.5. Ukinzani wake ni 240 kugawanya kwa 12.5, yaani omu 19.2. Hiyo ndiyo kazi unayotaka kulipia.

Lakini waya ya shaba ya milimita mraba 1.5, ndiyo nyembamba inayopendwa kwa bei yake, ina ukinzani wa omu 12 hivi kwa kila kilomita. Stima huenda na kurudi, kwa hiyo mita 60 ni mita 120 za waya, karibu omu 1.5. Birika likiwashwa, fundi atasoma volti 240 nyumbani, volti 223 tu bandani, na ampea 11.6. Volti 17 zimepotea njiani. Zidisha 17 kwa 11.6: wati 197 zinapasha moto waya, wala si maji. Ukichemsha kwa saa tatu kila siku, kwa mwezi ni karibu yuniti 18 ulizolipia ili kuwapa ndege joto wanapotua juu ya waya. Ukitumia waya ya milimita mraba 6, upungufu ni volti 4 na nusu hivi.

Joto hilo likienea katika mita 120 halina hatari kubwa. Hatari iko kwenye kiungo kilicholegea au kilichosokotwa kwa mkono. Kikiwa na nusu omu tu, stima ya ampea 11.6 hukipa wati 67 mahali padogo kama punje ya haragwe. Hapo plastiki huyeyuka, na kama karibu pana majani makavu, banda huweza kuungua usiku. Tena joto haliongezeki kwa kadiri ya stima tu: ampea zikiwa mara mbili, joto huwa mara nne.

Mota ya kukatia majani ni mbaya zaidi kwa jambo hili. Inapoanza kuzunguka hutaka ampea mara tano au zaidi ya zile za kawaida, kwa hiyo upungufu wa volti ni mkubwa hapo hapo. Ikipata volti 170 badala ya 240, nguvu yake ya kuanza hushuka hata nusu. Hunguruma, haizunguki, na nyaya zake za ndani huanza kuungua. Kwa mota usitegemee kuzidisha volti kwa ampea peke yake. Jibu huzidi nguvu inayotumika kweli. Soma kibao chake.

Wenye pampu za jua za volti 12 wajihadhari zaidi. Pampu ya ampea 10, kwa waya hiyo hiyo ya 1.5 yenye urefu wa mita 10 tu, hupoteza volti 2.4, yaani moja ya tano ya zote.

Vipimo hivi vifanywe na fundi mwenye leseni, kwa kile kipimo kinachoshika waya bila kuikata. Mwambie asome volti wakati mashine inafanya kazi, kwa maana mashine ikizimwa hata waya mbovu huonyesha 240. Kama gharama ya waya nene inakushinda, sogeza mashine karibu na mita, ukabebe majani kwa mkokoteni.