Mji wa Wino

Wengi wetu tumemjua Victor Hugo kwa vitabu vyake. Ni wachache wajuao kwamba Mfaransa huyo alikuwa pia mchoraji, na kwamba michoro yake hukadiriwa kufikia 4,000. Leo twapenda kuizungumzia ile ya miji nyakati za usiku.

Ndani yake hamna taa za barabarani wala umati wa watu. Kuna minara, mapaa yenye ncha na kuta za ngome, vyote vimezama katika wino. Penye mwanga pameachwa weupe wa karatasi tu. Hugo hakusomea kazi hiyo. Alimwaga wino akautazama unakokwenda, akauchanganya na kahawa au masizi, na mara nyingine alikata karatasi kwa umbo la ngome, akafunika mahali ambapo hakutaka wino ufike. Mafundi wa vyuo wangemkemea. Sisi twaona giza lake lina uhai kuliko mchana wa wengi wao.

Asidhani msomaji kuwa huo ulikuwa mchezo wa mtu mwenye nafasi. Tarehe 2 Desemba 1851, Louis-Napoléon, rais aliyeapa kuilinda Jamhuri, aliipindua. Hugo, aliyekuwa mbunge, aliwahimiza watu wa Paris wapinge. Aliposhindwa alikimbilia Brussels, kisha kisiwa cha Jersey mwaka 1852, na Guernsey mwaka 1855. Kweli, miji ya giza alikwisha kuichora kabla ya hapo. Lakini mchoro wa mji hauwi ule ule kwa mtu aliyekatazwa kuuingia mji wake. Guernsey i karibu na Ufaransa hata siku ya anga safi pwani yake huonekana, na sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufundishwa umbali wa nchi inayoonekana ng'ambo ya maji. Msamaha ulipotangazwa mwaka 1859 aliukataa, akakaa hadi utawala ule ulipoanguka mwaka 1870.

Michoro yenyewe hakuifanya biashara. Mwaka 1862 alikubali baadhi yake ichongwe na Paul Chenay, ikapigwa chapa katika kitabu. Fungu lake aliliweka kwa watoto maskini wa Guernsey, ambao kila juma walikula nyumbani kwake, mezani pake, nyama na, kwa desturi ya kwao, divai kidogo.