Siki: Kitoweo Kilichosifiwa, Kutoka Pwani Hadi Griftu

Imepokewa na Jabir bin Abdillah (r.a.), katika Sahihi Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwauliza watu wa nyumbani kwake kitoweo, akaambiwa hapana ila siki. Akaiitisha, akaila huku akiisifu kuwa ni kitoweo chema. Hakukidharau kilichokuwapo. Fundisho hili lazihusu nyumba zetu zote, na zaidi zile za nchi kavu kama Griftu, Wajir Magharibi, ambako ukame huja na chakula kikapungua.

Sisi wa Pwani uchachu twaupata katika ndimu, ukwaju na embe bichi. Griftu hakuna minazi wala miembe. Huko uchachu hutoka kwa ngamia. Maziwa yake huwekwa katika vyombo vilivyofukizwa moshi, yakachacha siku moja au mbili, yakawa susa, ambayo hukaa muda mrefu kuliko maziwa mabichi. Unga wa anjera nao huachwa uchachuke kabla ya kupikwa. Basi siki ilipofika madukani haikuwa ngeni kwa ladha. Huingia katika basbasi, ile pilipili ya kusaga iliwayo kwa sambusa na wali wa nyama, pale limau linapokosekana.

Siki huzaliwa kwa hatua mbili. Kwanza hamira hugeuza sukari ya tunda kuwa kileo. Kisha vijidudu vingine, kwa msaada wa hewa, hugeuza kileo hicho kuwa asidi ya asetiki. Siki ya mezani huwa na asidi hiyo kiasi cha asilimia 5. Ndipo linapozuka swali la halali. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa Pwani na kwa ndugu zetu Wasomali, mvinyo uliogeuka siki wenyewe bila kutiwa kitu ni tohara; uliogeuzwa kwa kutiwa kitu haukubaliki. Wanazuoni wa Kihanafi wameuruhusu hata huo. Baadhi ya siki za madukani hazikupitia mvinyo kabisa, bali ni asidi ya kiwandani iliyozimuliwa kwa maji. Kwa hiyo mama wa nyumba asome maandishi ya chupa, na akiona shaka amuulize shekhe wake.

Jikoni, manufaa yake ni mengi. Nyama ya ngamia aliyekomaa ni ngumu: kwa kilo moja tia vijiko viwili vya siki, kitunguu saumu na tangawizi, uiache saa mbili kabla ya kuipika. Vitunguu vya kachumbari vikilowekwa katika siki kidogo hupungua ukali. Achari ya pilipili, karoti na ndimu hudumu kwa siki na chumvi. Hata ukoko mweupe wa chokaa unaoganda ndani ya birika kwa maji ya visima huyeyuka ukichemsha siki na maji, kisha ukasuuza vyema. Ila siki isiwekwe katika sufuria ya alumini, kwa kuwa huila. Chupa ya kioo ndiyo salama.

Lakini tusiipe siki kazi isiyo yake. Haiifufui nyama iliyokwisha kuharibika. Huficha harufu tu, na madhara yakabaki. Vilevile uchachu hauyasafishi maziwa mabichi. Ugonjwa wa brusela, unaoleta homa za kurudia na maumivu ya viungo, hupita katika maziwa yasiyochemshwa, na kuchacha pekee si kinga ya kutegemewa. Mwenye kutengeneza susa ayachemshe maziwa kwanza, ayapoze, ndipo ayatie susa kidogo ya jana ili yachache. Ladha haipotei, na watoto husalimika.

Mwenyezi Mungu atubarikie kilicho kichache katika vyungu vyetu, na atujaalie kula kilicho halali na kizuri. Amin.