Kabla ya kipimo cha tatu cha malaria, muulize mgonjwa anafanya kazi gani

Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Muda si mrefu mwanawe mchanga akaanza kuugua. Alilazwa, akatibiwa maradhi yaliyozoeleka, hali ikabaki ileile. Jibu lilipatikana baada ya damu yake kupimwa madini ya risasi.

Yaliyofuata yameandikwa sana: maandamano, kiwanda kufungwa mwaka 2014, tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya kurejesha hukumu iliyowapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni. Kilichozungumzwa kidogo ni kile kinachotokea ndani ya chumba cha daktari mgonjwa wa namna hii anapoingia.

Mara nyingi hakitokei kitu. Mgonjwa anaulizwa dalili zilianza lini, anapelekwa maabara, anarudi na malaria, taifodi au UTI, magonjwa ambayo siku hizi ni kama kila mtu anayo. Anakoishi, anachopikia, maji anayokunywa na kazi inayomlisha havimo kwenye faili. Tabibu wa Kiitaliano Bernardino Ramazzini alilisema hili mwaka 1700 katika kitabu chake kuhusu magonjwa ya wafanyakazi: daktari aongeze swali moja, unafanya kazi gani? Zaidi ya miaka 300 baadaye bado tunalisubiri.

Chukua risasi hiyohiyo. Dalili zake zinafanana na za maradhi mengine mengi: tumbo kuuma, choo kufunga, uchovu, upungufu wa damu, mtoto kuwa mzito darasani, na sumu ikizidi, degedege. Mtoto mdogo hufyonza risasi iliyoingia tumboni mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Mwili huipokea kana kwamba ni kalsiamu, ukaihifadhi kwenye mifupa, na kwa mjamzito ikavuka kondo hadi kwa mtoto. Kwa hiyo kumuuliza mtoto anachezea wapi hakutoshi. Fundi betri au mpaka rangi magari huirudisha nyumbani kwenye nguo za kazi, na mwanawe huivuta akimkumbatia.

Nadhani sababu kubwa ya kutouliza si foleni, ingawa foleni ni ya kweli. Mhudumu anahofia jibu. Nikiambiwa anaishi jirani na kiwanda, nitafanya nini, na zahanati yangu haina kipimo cha risasi? Hofu hiyo inaeleweka, lakini inasahau kwamba tiba ya kwanza ya sumu ya mazingira ni kumtenga mgonjwa na chanzo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa kiwango kikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu. Dawa ya kuitoa risasi mwilini, kwa mtoto, hupendekezwa kuanzia 45. Hapo katikati kazi kubwa ni maji, sabuni, lishe yenye madini ya chuma na kalsiamu, na kuondoa vumbi.

Jimbo la Zamfara, Nigeria, lilijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 2010 watoto wasiopungua 400 walifariki vijijini ambako mawe ya dhahabu yenye risasi yalikuwa yakisagwa karibu na makazi. Madaktari Wasio na Mipaka walipoanza matibabu, waliwapokea watoto wa vijiji ambavyo udongo wake ulikuwa umeshasafishwa. Kumpa mtoto dawa kisha kumrudisha kwenye vumbi lilelile ni kupoteza dawa.

Kuna sumu nyingine ambayo swali hushinda mashine kabisa. Familia imelala na jiko la mkaa ndani, asubuhi wote wanaumwa kichwa na kutapika. Kifaa cha kubana kidoleni kitaonyesha oksijeni ni ya kawaida, kwa sababu hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba hewa ya mkaa. Mhudumu akikiamini atawapa dawa ya kichwa na kuwaruhusu. Akiuliza kama kuna mwingine nyumbani anayeumwa hivyo, na kama hali hupungua wakitoka nje, atawawekea oksijeni mara moja.

Mkulima aliyetoka kupulizia shamba naye huja akitokwa na mate na jasho, anahara, kifua kimebana, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Huyo anahitaji atropini haraka, avuliwe nguo na aoshwe kwa sabuni na mhudumu aliyevaa glovu. Mchenjuaji wa dhahabu anayetetemeka mikono aulizwe kuhusu zebaki.

Si kila hofu ya mgonjwa ina msingi huo. Wapo wanaofika wakiulaumu mnara wa simu. Kuwacheka ni kosa. Waelezwe kinachojulikana: mawimbi yanayopimwa mitaani karibu na minara kwa kawaida huwa chini sana ya ukomo wa kimataifa, na mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliyaweka mawimbi ya aina hiyo kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa ushahidi finyu, hasa wa watumiaji wakubwa wa simu. Kisha maswali yaendelee, maana mtu anayeulaumu mnara anaweza kuwa analala ukuta mmoja na jenereta.

Wizara na vyuo vya afya vina sehemu yao, nayo haihitaji fedha nyingi: mistari mitatu kwenye faili. Kazi yako na ya unaoishi nao ni ipi? Kuna wengine wanaoumwa hivi? Unapata nafuu ukiwa mbali na nyumbani au kazini? Jibu likitia shaka, muuguzi wa zahanati hana haja ya kupambana na kiwanda peke yake. Amwarifu afisa afya wa kata. Kwa Tanzania, usalama wa mahali pa kazi ni jukumu la OSHA, mazingira ni la NEMC, na sampuli za sumu huchunguzwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Wagonjwa watatu wa mtaa mmoja wakiandikwa kwenye daftari moja, tayari kuna jambo la kufuatilia.

Nawe msomaji, usisubiri kuulizwa. Nenda na chupa ya dawa ya shambani au picha ya lebo yake, taja kazi yako hata kama ni kibarua cha wiki moja, sema unapikia nini na wapi, na kama majirani wanaumwa kama wewe, liseme hilo kabla ya yote.