Shokapu nazo zinakunywa oili

Pita kijiwe chochote cha bodaboda Dar es Salaam, uliza oili ya injini ilimwagwa lini. Utajibiwa papo hapo, na wengine watakutajia hadi kilomita. Sasa uliza oili ya shokapu za mbele. Utatazamwa kwanza, kisha utaulizwa: kwani nayo inabadilishwa?

Inabadilishwa. Ndani ya kila mguu wa mbele kuna springi iliyozama kwenye oili. Springi inabeba uzito; oili inaituliza isirukeruke, kwa sababu kila mguu ukibonyea na kuinuka oili hulazimika kupenya kwenye vitundu vidogo. Ujanja huu BMW waliutoa kwenye R12 mwaka 1935, na Boxer inayokupeleka Mbagala leo inautumia uleule.

Ubaya wake ni kwamba oili hii haipigi kelele. Injini ikikauka oili inagonga na kila mtu anasikia. Ya shokapu inachoka kimyakimya: unyevu unaingia, unga wa chuma unajichanganya, na mikono ya dereva inazoea. Siku ya siku anabana breki ya mbele, pua inazama yote, tairi linadundadunda juu ya rasta badala ya kushika lami, naye anailaumu barabara. Muda wa kubadilisha umeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, lakini anayetembea kilomita 100 kwa siku humaliza 10,000 ndani ya miezi mitatu na ushee, tena kwa matuta yetu na mishikaki ya abiria wawili.

Na kuna habari ya mkataba. Kijana anayepeleka hesabu kwa tajiri mpaka chombo kiwe chake huona shokapu ni shauri la tajiri. Tajiri naye hapandi, kwa hiyo hajui kama mbele kunagonga. Katikati yao oili inageuka matope.

Kazi yenyewe inafanyika nyumbani, uani au barazani, ukiwa na spana zako na mtu wa kukushikia. Kabla ya kuinua chochote, legeza bolti zinazoubana mguu kwa juu, kisha legeza kidogo kizibo cha shokapu. Ukishauchomoa mguu, kizibo hicho kitakusumbua sana, maana bomba litazunguka mkononi. Halafu weka kreti la soda au gogo imara chini ya injini hadi gurudumu la mbele lielee, na mwenzako ashike nyuma. Toa gurudumu, waya wa spidi, breki, madigadi. Legeza bolti zinazoubana mguu kwa chini, uzungushe huku ukiuvuta. Utashuka.

Kizibo kikibakiza nyuzi mbili tatu, kikandamize kwa kiganja huku ukifungua, uso ukiwa pembeni. Springi chini yake imebanwa na haina adabu.

Chomoa springi, umwage oili. Kinachotoka ndicho kinachowashawishi wabishi. Oili mpya ya shokapu ni angavu; hii itamwagika ya kijivu, ikinuka samaki aliyeoza, na ukiisugua kati ya vidole utaona vimeremeta vya chuma. Pampu mguu juu na chini mpaka uishiwe, kisha uache kichwa chini kwa muda mrefu, hata usiku mzima. Wakati huo pitisha ukucha kwenye bomba la kromu. Ukikwaruzwa na kutu, hasa kama unaegesha jirani na bahari, hata sili mpya utakayoweka kuzuia oili isivuje itachanwa vilevile. Bomba lililopinda mpelekee fundi, na mimi ningenunua jingine kuliko kulinyoosha.

Kwenye kujaza ndipo mafundi wengi wanapochemsha. Wanamimina oili ya injini iliyobaki, kwa kukadiria na jicho. Ya injini, 20W-50 tuseme, ni nzito mara kadhaa kuliko 10W ya shokapu inayotakiwa kwenye pikipiki nyingi ndogo, hivyo mbele kunakuwa kugumu kama jiwe. Kipimo kwa pikipiki za cc 100 hadi 150 mara nyingi hakifiki robo lita kwa mguu. Fuata cha kitabu chako, upime kwa bomba la sindano kubwa kutoka duka la dawa. Miguu yote iwe sawasawa. Usiseme ukizidisha ndiyo itadumu: hewa iliyo juu ya oili nayo inafanya kazi ya springi, na ikikosa nafasi presha itatokea kwenye sili.

Pampu taratibu kutoa mapovu, rudisha kila kitu, na kabla ya kwenda popote bana breki ya mbele mara kadhaa ukisukuma pikipiki. Kesho yake futa bomba kwa kitambaa cheupe. Ukikuta pete ya oili, sili imekwisha. Usiendelee, kwa sababu oili hiyo itateremka hadi kwenye breki.

Oili chafu weka kwenye kidumu, mbali na kisima na mtaro. Na kama bei inakuuma, chupa ya lita moja inatosha pikipiki mbili na chenji inabaki, kwa hiyo changa na mwenzako wa kijiweni.