Peremende za Karafuu na Tangawizi

Wanachama, karafuu kumi tu, hata zile zilizovunjika, zatosha kutengeneza peremende za kikohozi za nyumba nzima. Zichemshe pamoja na tangawizi iliyopondwa katika vikombe viwili vya maji mpaka kibaki kimoja, kisha chuja. Tia vikombe viwili vya sukari na maji ya ndimu moja. Tone likitiwa katika maji baridi likavunjika kama kioo, epua, umimine katika sinia lililopakwa samli, ukate ingali na moto.

Mafuta ya makonyo usitie kabisa! Kiasi kidogo chaweza kumdhuru mtoto. Karafuu hutia ganzi kooni, haiponyi kifua: kikohozi cha wiki mbili ni cha hospitali. Mtoto mdogo asipewe peremende, zaweza kumkaba. Hifadhi katika chupa kavu, maana unyevu huziyeyusha.