Uwekaji wa Kadi ya Redio katika Kompyuta ya Linux kwa Ajili ya Kukusanya Data za Matangazo mjini Tabora

1.0 Utangulizi

Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Waliotoka Bagamoyo walifika Unyanyembe, kisha wengine wakaelekea Ujiji na wengine Karagwe na Buganda. Kwa njia hiyo Kiswahili kilikutana na Kinyamwezi mapema, na mkutano huo unastahili kuchunguzwa katika usemi wa leo, ukiwamo wa redioni. Hata hivyo, mtafiti asiyerekodi matangazo ya moja kwa moja hubaki na kumbukumbu ambayo mtahini hawezi kuihakiki. Aidha, mawimbi ya FM, yaani megahezi 87.5 hadi 108, husafiri takribani kwa mstari mnyoofu. Hivyo mtambo wa Tabora haupokelewi kwa antena iliyoko Dar es Salaam. Kazi ya kurekodi haina budi kufanyika hukohuko.

2.0 Utaratibu wa Uwekaji

Kadi inayoelezwa hapa ni ya PCI, yenye chipu ya Bt878 na tyuna ya FM, inayofaa kompyuta za mezani za zamani. Ikishachomekwa, kompyuta ikiwa imezimwa, amri ya lspci huthibitisha kwamba imetambuliwa. Kiendeshi chake ni bttv. Kiendeshi kisipotambua kuwa kadi ina redio, faili la /dev/radio0 halitaundwa; hapo hupakiwa upya kwa kigezo cha radio=1. Mtumiaji naye awe mwanachama wa kundi la video, la sivyo faili litakuwapo lakini hataweza kulifungua.

Kikwazo kinachopotosha zaidi ni ukimya. Masafa yanaweza kupangwa bila kosa lolote na sauti isisikike. Sababu ni kwamba kadi nyingi za aina hii huitoa sauti kwa waya mfupi unaoingia katika tundu la kuingizia sauti la kadi ya sauti. Waya ukikosekana, au tundu likiwa limenyamazishwa katika alsamixer, hakuna kitakachosikika. Tundu hilohilo lazima pia lichaguliwe kuwa chanzo cha kurekodi, kwa kuwa kusikia sauti spikani si uthibitisho kwamba inaingia katika faili.

Programu ya arecord, kwa biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde na mkondo mmoja, hutumia takribani megabaiti 318 kwa saa. Muundo wa FLAC hupunguza ukubwa huo bila kupoteza chochote. MP3 hutupa sehemu ya sauti, hivyo haifai kuwa nakala asili ya uchanganuzi wa kifonetiki.

3.0 Hitimisho

Kabla ya kipindi kuanza, jaribio la dakika chache lirekodiwe na kusikilizwa kutoka katika faili lenyewe. Jina la faili libebe kituo, masafa, tarehe na saa, na idhini ya kituo iambatishwe. Kwa hatua hizo, unukuzi wa mtafiti unaweza kulinganishwa na sauti iliyosikika siku ile.